Mkataba wa Prado unakwisha mwezi wa sita: tuchukue gari lipi?

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Moshono, Arusha. Miaka mitatu iliyopita tulichukua Toyota Prado mpya ya petroli, injini ya lita 2.7, kwa karadha (gari ni mali ya kampuni, sisi tunalilipia kila mwezi kulitumia), na mkataba unakwisha mwezi wa sita. Tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mitatu, na mama mkwe anaishi nasi. Gari hili ninalitumia mimi zaidi: linapeleka watoto shule kilomita sita na kurudi, jioni vivyo hivyo, kisha sokoni, kanisani, Moshi mara moja kwa mwezi, Rombo wakati wa Krismasi na Dar es Salaam mara moja kwa mwaka. Mume wangu ana pikapu yake ya kazi. Mkataba uliruhusu kilomita 30,000 kwa mwaka, lakini hadi leo gari limesoma 41,000 tu. Kampuni imetupa ofa tatu: Prado mpya ya dizeli, Mercedes-Benz GLE ya dizeli, na Volvo XC90 ya haibridi ya kuchomeka kwenye umeme. GLE ina bei kubwa kuliko Prado, lakini malipo yake ya mwezi ni madogo. Mume wangu anaitaka hiyo, kwa sababu Prado yetu inachoka milimani na siti za nyuma kabisa zimekuwa ndogo. Fundi wetu anasema gari la Ulaya haliwezi barabara zetu, na kwamba karadha yenyewe ni kutupa fedha. Mkataba unaturuhusu pia kuinunua Prado yetu kwa shilingi milioni 95. Tuchukue gari lipi?"

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kwamba mnachoogopa ni kufungwa miaka mitatu mingine na gari lisilowafaa, huku shemeji akivutia kamba upande wa GLE, fundi akivutia upande wa Toyota, na kampuni ikiwawekea mbele hesabu ambayo gari la bei kubwa linalipiwa kidogo kuliko la bei ndogo. Kazi yangu ni kuthamini magari hapa Arusha, na sehemu kubwa ya ninayoyakagua ni yale yanayorudishwa mikataba inapokwisha. Ndiyo maana nitaanza na gari mnalotaka kulirudisha, kabla ya hayo matatu mnayoyatamani.

Umezitaja kilomita 41,000 kwa kupita, kumbe hapo ndipo fedha yenu ilipo. Kampuni ilipopanga malipo yenu, ilikadiria kwamba Prado itarudi ikiwa imetembea kilomita 90,000, na ikaipangia thamani ya gari lililochakaa kiasi hicho. Kila mwezi mmekuwa mkilipia uchakavu huo. Mlilipia kilomita 90,000 mkatumia 41,000. Zile 49,000 hazirudishwi kwa fedha taslimu, na hakuna ofisa atakayewapigia simu kuwakumbusha kwamba zipo. Njia mliyo nayo ya kuzipata ni hiyo milioni 95, kwa sababu bei hiyo iliandikwa kwa ajili ya gari lililochoka kuliko lenu. Ikiwa soko la leo linalipa zaidi ya hapo kwa Prado ya umri huo, yenye kilomita chache na kitabu cha sevisi kilichojazwa, basi tofauti hiyo ni haki yenu, na mkilirudisha gari bila kuuliza mtakuwa mmeitoa zawadi.

Hilo halihitaji kubahatisha. Tafuteni makadirio matatu ya maandishi: moja la mthamini asiye na uhusiano na kampuni yenu, na mengine mawili kutoka yadi mbili tofauti, ya Arusha na ya Moshi. Huko yadi msiulize Prado ya namna hiyo inauzwa shilingi ngapi, bali wao wangeinunua kwa shilingi ngapi leo hii. Bei ya kuuza ina faida ya mwenye yadi ndani yake, na imewadanganya wengi.

Kuhusu karadha kuwa kutupa fedha, fundi wenu anazungumza kama mtu aliyeona watu wakiumia, na hapo nina heshima naye, lakini kanuni aliyoitoa si sahihi. Gari hupoteza thamani hata kama umelinunua kwa fedha taslimu na kadi ina jina lako. Anayelinunua kwa mkopo wa benki analipa upungufu huo pamoja na riba. Aliye kwenye karadha analipa upungufu wa miaka anayolitumia, pamoja na gharama ya fedha ya kampuni yenye gari, kisha anaamua mwisho kama analirudisha au analinunua. Fedha hutupwa pale mtu anapolipia matumizi asiyoyafanya, kama ninyi na zile kilomita, au anapoahidi kulipa mwisho wa mkataba kiasi ambacho gari halitakuwa nacho. Hilo la pili ndilo ninaloliona kwenye ofa ya GLE.

Malipo ya mwezi ya karadha yana vipande viwili vikubwa. Cha kwanza ni tofauti kati ya bei ya gari na thamani iliyopangwa ya mwisho, ikigawanywa kwa idadi ya miezi. Cha pili ni gharama ya fedha, mfano wa riba, inayotozwa juu ya kiasi ambacho bado hakijalipwa, ikiwemo ile thamani ya mwisho yenyewe. Tuchukue mfano wa kwenye karatasi, nisiouchukua kwenye bei za kampuni yenu. Prado ya shilingi milioni 240 imepangiwa kubaki na nusu ya bei, yaani milioni 120, baada ya miezi 36. Upungufu ni milioni 120, sawa na milioni 3.33 kwa mwezi. Kwa wastani mtakuwa mnadaiwa milioni 180, na gharama ya fedha ikiwa asilimia 18 kwa mwaka, inakuja milioni 2.7 kwa mwezi. Jumla ni milioni 6.03, kabla ya kodi.

Sasa chukua GLE ya milioni 260, lakini mwandishi wa mkataba ameipangia kubaki na asilimia 65 ya bei, yaani milioni 169. Upungufu unakuwa milioni 91 tu, sawa na milioni 2.53 kwa mwezi. Gharama ya fedha inapanda hadi milioni 3.22, kwa kuwa deni linabaki kubwa muda wote. Jumla ni milioni 5.75. Gari limezidi bei kwa milioni 20, na malipo ya mwezi yamepungua kwa karibu shilingi 288,000, bila mtu yeyote kukupunguzia hata senti: sehemu ya mzigo imesogezwa tu hadi siku ya mwisho. Siku hiyo ikifika na soko likaipa GLE milioni 120, yule aliyebeba hatari ya thamani atalipa milioni 49. Swali la kuiuliza kampuni, na kujibiwa kwa maandishi, ni hili: atakayezilipa ni nani?

Jibu linategemea aina ya mkataba. Kuna mikataba ambayo mteja ndiye anayebeba kupanda na kushuka kwa thamani, na mwishoni lazima alipe salio au alinunue gari. Hiyo ndiyo karadha hasa, inayosimamiwa na sheria ya mwaka 2008, na kampuni zake hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Ipo pia mikataba ya kukodi kwa muda mrefu ambapo gari linarudishwa na hasara ya thamani inabaki kwa kampuni yenye gari, ilimradi hukuzidisha kilomita wala kuliharibu. Kwa namna ya pili, thamani ya mwisho iliyokuzwa ni tatizo la kampuni, na mnaweza kufurahia malipo madogo kwa amani. Kwa namna ya kwanza, malipo madogo ni deni lililofichwa. Mkataba wenu wa Prado una ruhusa ya kununua mwishoni, lakini ruhusa si lazima. Msidhani kwamba karatasi za GLE zimeandikwa vivyo hivyo.

Nije kwenye gari lenyewe. Anaposema gari la Ulaya haliwezi barabara zetu, fundi anachanganya mambo matatu: mafuta, matairi na watu wa kulihudumia. Kwa matumizi yako, zito kuliko yote ni mafuta, na linahusu dizeli ya aina yoyote, hata iliyotengenezwa Japani.

Injini ya kisasa ya dizeli ina chujio la masizi kwenye mfumo wa moshi. Masizi hujikusanya humo, na gari hulazimika kuyachoma lenyewe kwa kupandisha joto la chujio hadi kufikia nyuzi 600 hivi. Ili ifanye hivyo sawasawa, injini inahitaji iwe imeshapata moto na gari liende kwa mwendo usiokatika kwa dakika 15 au 20. Safari yako ya shule ni kilomita sita, za asubuhi ya baridi, nusu yake ukiwa kwenye foleni. Injini inaanza kupata moto unapofika getini kwa shule, unaizima. Zoezi la kuchoma likianza, linakatwa katikati; dizeli ya ziada iliyopulizwa ndani ya silinda kwa ajili ya kazi hiyo inateleza kwenye kuta na kuchanganyika na oili. Ukiona kiasi cha oili kinapanda badala ya kushuka, na ikinuka dizeli, ujue umefika hapo. Safari moja ya Moshi kwa mwezi itasaidia, lakini haitafuta kazi ya wiki nne.

Juu ya hilo kuna salfa. Kiwango cha Afrika Mashariki tangu mwaka 2015 kinaruhusu dizeli yenye salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni nzuri sana ukilinganisha na tuliyokuwa tukiitumia zamani, lakini magari ya Ulaya ya kiwango cha Euro 6 (kanuni ya Ulaya ya kupunguza uchafu wa moshi) yameundwa kwa dizeli isiyozidi sehemu 10. GLE haitazimika kesho kwa sababu hiyo. Itafupishiwa tu uhai wa vifaa vya gharama kubwa vilivyo kwenye moshi, na mikataba mingi ya matengenezo ina kifungu kinachoondoa uharibifu "unaotokana na mafuta". Kitafuteni.

Na fundi asifurahi mapema. Prado ya dizeli ya lita 2.8 ina chujio hilo hilo kama ilitengenezwa kwa soko la Japani au Ulaya. Zinazoletwa kwa soko la Afrika mara nyingi huja bila hilo. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilikubali kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa huko kati ya mwaka 2015 na 2020 zilikuwa na kasoro katika mfumo huo wa chujio, magari zaidi ya laki mbili na nusu. Kwa hiyo nembo ya Toyota peke yake haikuokoi. Ulizeni Prado mnayopewa imetoka soko gani, na kama ina chujio la masizi na tangi la urea, yaani kimiminika cha kusafisha moshi.

Matairi ni rahisi zaidi, kwa sababu unaweza kuyahukumu mwenyewe ukiwa umechuchumaa. Soma namba zilizo ubavuni. Tairi lililoandikwa 265/65 lina upana wa milimita 265, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172 za mpira kati ya rimu na jiwe. Tairi la 275/40, linalofungwa kwenye XC90 zenye rimu za inchi 21, lina ubavu wa milimita 110. Hizo sentimita sita ndizo zinazopotea gari linapoingia kwenye shimo lililojaa maji, na kinachopokea kishindo ni rimu, kisha bushi, kisha mgongo wa mama mkwe. XC90 na GLE zote zinapatikana pia na rimu ndogo zaidi. Ombeni hizo, hata kama hazipendezi kwenye picha, na ulizeni kama kuna tairi la akiba, maana magari mengi ya haibridi ya kuchomeka huja na pampu na dawa ya kuziba tu. Dawa hiyo haizibi ubavu uliochanika, na kati ya Himo na Tarakea usiku wa tarehe 23 Desemba hutamwona mtu wa kukuuzia tairi la inchi 21.

Kuhusu wahudumu, Arusha ni mji wa Land Cruiser. Utalii umezalisha hapa mafundi wanaoijua Toyota kwa kuisikiliza, na vipuri vyake utavikuta hata Jumapili. Kwa Mercedes-Benz na Volvo wapo mafundi wazuri wenye mashine za kusoma kompyuta ya gari, lakini ni wachache, na kipuri kinaweza kusubiriwa kutoka Dar es Salaam, Nairobi au mbali zaidi. Ndani ya karadha hili si suala la gharama tu. Gari likikaa gereji wiki tatu, malipo ya mwezi hayasimami. Ombeni kifungu cha gari mbadala, chenye idadi ya siku. Wakikataa, mtakuwa mmejua wenyewe wanalionaje gari lao.

Malalamiko ya shemeji ni ya kweli na yana sababu. Injini ya Prado yenu haina tabo, inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane. Nguvu hupungua karibu kiasi hicho hicho. Pengine mmewahi kuhisi kwamba gari linachangamka mkishuka Moshi mjini, ambako ni chini kwa mita 500 hivi, na linazubaa tena mkiwa watu sita mkipanda kwenda Rombo. Hakuna sevisi itakayolitibu, na wala haliumwi. Injini zote tatu mlizopewa zina tabo, inayosukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Mkibaki na Prado ya sasa, mbaki mkijua kwamba mlima utabaki hivyo.

Siti za nyuma nazo hazikupungua, mtoto ndiye amekua. Prado ina ekseli ya nyuma ya mkono mmoja mzima inayopanda na kushuka chini ya sakafu, kwa hiyo sakafu ya siti za tatu iko juu, na anayekaa hapo magoti humkaribia kidevu. Prado mpya imeongezeka urefu, lakini muundo huo wa ekseli ni ule ule. XC90 ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na siti zake za tatu ni za kibinadamu zaidi, ingawa si za mtu mzima wa safari ya Dar. GLE si lazima ije na siti saba. Hakikisheni hiyo ya kwenye ofa inazo, kwa sababu nimewahi kukagua moja ambayo mwenyewe aligundua siku ya kuichukua kwamba ni ya watu watano.

Kwa vyovyote vile, msijaribu gari kwa kuzunguka Mnara wa Saa na ofisa mauzo akiwa pembeni. Liombeni Jumamosi nzima, mwezi wa nne au wa tano, tope la Moshono likiwa bado lipo. Mpakieni bibi siti ya katikati na yule wa miaka kumi na mitatu siti ya nyuma kabisa, kisha mfungue mlango wa nyuma na kujaribu kuweka mkungu wa ndizi, galoni mbili na begi moja la nguo. Siti zote saba zikiwa zimesimama, magari yote haya yanabakiza nafasi ya kiganja na nusu. Mkimaliza, lipitisheni kwenye geti lenu. Prado mpya ina upana wa milimita 1,980 dhidi ya 1,885 za yenu, karibu sentimita kumi zaidi, na vichochoro vya migombani huko juu havikupanuliwa kuifuata.

XC90 ni ya kufikiriwa kwa makini, na huenda mmeitaja mwisho kwa sababu hamuijui. Haibridi ya kuchomeka ina betri inayochajiwa nyumbani na injini ya petroli ya lita 2.0. Matoleo ya kuanzia mwaka 2022, kwa vipimo vya Ulaya, hutembea takriban kilomita 70 kwa umeme peke yake. Toeni kiasi kwa milima na kwa betri kuzeeka, bado safari zako za shule za kilomita 24 kwa siku zinaingia humo zote. Hutawasha injini ya petroli siku nyingi za wiki, na hilo tatizo la masizi ya dizeli halitakuwepo. Itakula uniti 6 au 7 za LUKU kwa siku, na kwa soketi ya kawaida iliyofungwa na fundi umeme makini, chini ya paa, itajaa usiku kucha. Umeme ukikatika, unaendesha kwa petroli. Lakini kama gari linalala mahali ambapo waya haufiki, au kama hamtakuwa na nidhamu ya kulichomeka, mtakuwa mnabeba betri nzito bure na kunywa petroli kama wengine. Chunguzeni pia kama lina mifuko ya hewa badala ya springi. Ni starehe kubwa, lakini mpira wake ukipasuka hata kidogo, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi iungue, na bei ya viwili hivyo kwa pamoja hutibua bajeti ya mwaka.

Sasa nikujibu. Kwa maelezo uliyonipa, chaguo la kwanza ni kuinunua Prado yenu, au kuomba mkataba uongezwe mwaka mmoja kwa malipo yaliyokokotolewa upya, endapo makadirio yatazidi milioni 95 na ukaguzi ukaonyesha halina ugonjwa. Shemeji akisema hapana kwa sababu ya milima na siti, na ana haki ya kusema hivyo, ichukueni XC90 yenye rimu ndogo, ikiwa nyumbani pana pa kuichomeka na kampuni ikakubali kifungu cha gari mbadala. Hata hapo, inunueni kwanza Prado na kuiuza, kama soko linaruhusu, baada ya kutoa gharama za kuhamisha kadi. Prado mpya ya dizeli isiyo na chujio la masizi ndiyo ya tatu, kwa mtu anayetaka usingizi kuliko starehe. GLE naiweka mwisho, na si kwa sababu ni gari baya. Ni gari zuri sana, lingemfaa mtu anayekwenda Dodoma kila wiki. Kwako wewe litakuwa linakohoa masizi getini kwa shule, juu ya mkataba ambao pengine una milioni nyingi zinazongoja mlangoni.

Gari lolote mtakalochukua, ombeni kilomita 15,000 kwa mwaka. Nimezijumlisha safari zako: shule kama 4,600, mizunguko ya mjini karibu 5,000, Moshi 1,900, Rombo 300, Dar 1,300. Ni 13,000 na ushee, inayokaribiana na kilichosomwa kwenye dashibodi. Kilomita zikipungua, thamani ya mwisho inapaswa kupanda kwa haki, na malipo kushuka. Bima kubwa nayo iingizeni kwenye hesabu tangu sasa: kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 240 linadai milioni 8.4, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inaifikisha milioni 9.9 kwa mwaka. Ulizeni pia gari likiibwa au kuteketea, nani anafidia pengo kati ya inacholipa kampuni ya bima na deni lililobaki. Na mkataba ukija umeandikwa kwa dola, kama ilivyozoeleka hapa mjini kwa sababu ya utalii, ukataeni kwa upole: kanuni zilizotoka Machi 2025 zinazuia kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Mkiamua kurudisha, pigeni picha. Mimi mwenyewe, pamoja na utaalamu wangu wote, niliwahi kurudisha gari kwa kampuni moja nikatozwa rimu mbili zilizokwaruzika ambazo nilizipokea hivyo hivyo, kwa sababu siku ya kulichukua nilikuwa na haraka na sikupiga hata picha moja. Wiki tatu kabla ya tarehe, lipelekeni kwa mkaguzi wa kujitegemea, alinyanyue, alisome kwa mashine, na aandike ripoti. Mkwaruzo wa bampa kwa fundi rangi wa mtaani mara nyingi ni nafuu kuliko ule ule kwenye ankara ya kampuni.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Karatasi za ofa zote tatu, na mkataba wenu wa sasa, zipelekeni kwa mwanasheria mwenye uzoefu wa mikopo, aangalie vifungu viwili tu: nani anabeba thamani ya mwisho, na mnalipa nini mkivunja mkataba katikati. Kama malipo yanapitia kwenye kampuni ya shemeji, mhasibu wake aupitie mkataba kabla ya saini, kwa kuwa magari ya abiria yana masharti yake ya kodi. Na kama Prado inatoa mlio wowote, au oili inapungua, msifanye uamuzi wa kuinunua kabla fundi hajaifungua.

La haraka kuliko yote ni tarehe. Mikataba mingi inataka mteja atoe taarifa kwa maandishi siku 60 au 90 kabla kama anataka kununua, na asiyetoa huhesabiwa kuwa amechagua kurudisha. Tafuteni kifungu hicho leo jioni, muandike barua ya kusema mnahifadhi haki yenu ya kununua kwa milioni 95, muipeleke wenyewe ofisini, na msiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.